Konzi ya Kesho

Pepeta haifichiki. Uifunge kwenye mfuko, mfuko uufunge kwenye kanga, harufu yake itamtangulia aliyeibeba. Juzi nilikuwa mashineni kwangu hapa Ifakara, pale ninapokoboa mpunga wa watu, vumbi la pumba limenijaa hadi kwenye kope. Mkanda wa mashine ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na wateja walikaa juu ya magunia yao wakinitazama kama vile mimi ndiye niliyeukata. Wanaonijua wanazijua hasira zangu. Nilikuwa katikati ya kumfokea fundi harufu ile iliponifikia, ya mpunga ambao haujakauka vizuri shambani, uliokaangwa na kutwangwa ungali moto. Nikanyamaza. Fundi mwenyewe alishangaa.

Nilipogeuka nikamwona Neema, binti wa kaka yangu, ametoka kijijini kwetu Namawala na mfuko mkononi.

"Shikamoo shangazi. Mama anasema ule ingali laini."

"Marahaba mwanangu. Ni ya shamba gani?"

"La Bibi. Ndiyo ya kwanza mwaka huu."

Ya kwanza bila yeye mwenyewe, hakulisema hilo lakini tulilisikia wote wawili. Bibi Antonia, aliyenilea mimi na ambaye Neema ni kitukuu wake, tulimzika mwezi uliopita. Siku ya kumaliza msiba nilikabidhiwa Biblia yake, imefungwa kwenye kipande cha kitenge, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameshasema ni yangu. Niliileta mjini nikaiweka kwenye rafu ya mashineni, juu ya daftari la wateja, na pale ndipo Neema alipoiona.

"Shangazi! Hujaifungua mpaka leo?"

Nikamwambia nina kazi nyingi. Ni kweli, nina kazi nyingi. Lakini ukweli mwingine, ambao siwezi kumwambia mtoto wa darasa la sita, ni kwamba naogopa. Kuna kitambaa chekundu ndani ya Biblia ile, kinachoonyesha mahali msomaji alipofika, na mimi, mtu mzima mwenye mashine na leseni ya biashara, naogopa kujua kitambaa hicho kimesimama wapi. Ili mjue kwa nini, inabidi nirudi nilipokuwa na umri mdogo kuliko Neema, nimekaa juu ya dungu katikati ya maji.

Nilipelekwa kwa Bibi nikakae naye baada ya Babu kufariki. Babu alikuwa katekista, mtu mrefu mwenye sauti iliyokuwa inafika mwisho wa kanisa bila kupandishwa. Kila siku alimsomea Bibi sura moja ya Biblia, si zaidi wala si pungufu, kwa sababu Bibi hakubahatika kwenda shule, na baadaye macho nayo yakamwingia ukungu. Nilikuwepo, nimekuja kuwatembelea, siku Babu alipomsomea sura ya mwisho ya Ufunuo. Nilimwona akifunga kitabu, akakipigapiga mgongoni kama mtu anayemsifu ng'ombe aliyelima vizuri, akaenda kulala. Asubuhi hakuamka. Kwenye msiba watu wazima waliambizana kwa sauti ya kusifu: mzee ameondoka vizuri, amekimaliza kitabu chake. Nilikuwa nimekaa chini ya meza ya wapishi nakula ukoko, nikalisikia hilo, nikaliweka.

Baada ya arobaini Bibi aliniita. Babu enzi zake alikuwa akiniita mchumba, kama mababu wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, kwa hiyo Bibi hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita mke mwenza.

"Mke mwenzangu," alisema, "mume wetu ametuacha na njaa. Wewe unajua kusoma?"

"Najua. Niko darasa la pili."

"Basi tuanze na Mathayo. Mwanzo na Walawi tutawarudia ukikomaa meno."

Ndivyo nilivyokuwa msomaji. Mwanzoni nilisoma kwa kudokoa, neno moja leo na lingine kesho, na majina ya watu yalinitoa jasho. Bibi hakunikatiza. Alikaa miguu amenyoosha, mikono mapajani, kichwa kimeinama upande wa sikio lake zuri, na nilipokosea jina alilitamka taratibu kama anayemwita mtu aliye jirani. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba alikuwa ameshika karibu kitabu kizima kichwani, kwa kusomewa tu. Wakati huo nilidhani anabahatisha.

Tulisoma kiangazi kizima, tukasoma vuli, na masika ilipokuja tukahamia shambani pamoja na kitabu. Bonde letu likijaa maji, mwenye mpunga halali kijijini. Anajenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na anakaa humo mpaka avune, la sivyo ndege watamvunia. Kazi yangu ilikuwa ndege. Asubuhi na jioni kweleakwelea walishuka kama moshi, nami niliwapigia debe, niliwapigia kelele, niliwarushia udongo kwa kombeo mpaka mkono ukafa ganzi. Shule ilikuwa imefungwa, na ilipofunguliwa naona hakuna aliyekumbuka kunirudisha kwa wiki mbili. Lakini jua likiwa utosini ndege nao huenda kivulini kupumzika. Muda huo wa mchana, joto likichemka juu ya maji na bonde zima likiwa kimya, ndio uliokuwa wa kusoma.

Ulikuwa pia muda wa kupika, na hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa.

Msiojua habari za wakulima wa mpunga mtashangaa, lakini wakati mpunga umesimama shambani mzuri kuliko wakati wowote ndio wakati ndani hakuna kitu. Wa mwaka jana umekwisha, wa mwaka huu haujaiva. Sisi tulikuwa na debe moja la mchele lililobaki, tena si lote. Kila mchana Bibi alipima mchele kwa kikombe cha bati, akaumimina kwenye sufuria, kisha, kabla ya kuuosha, akaingiza mkono, akachota konzi moja, akairudisha kwenye debe.

"Hiyo ya nini, Bibi?"

"Konzi ya kesho. Asiyerudisha konzi, kesho anakula kumbukumbu."

Mimi nilipenda sana kuliangalia debe lile. Nilikuwa nalifunua kila nikipata nafasi, na kweli, kwa konzi zile, mchele ulishuka polepole mno. Sasa siku moja, tukiwa tumefika barua za Petro, nimefunga kitabu na kukishika kwa wima, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Upande wa kushoto wa kitambaa chekundu kurasa zilikuwa nene kama tofali. Upande wa kulia zilikuwa nyembamba kama kisu.

Nikawaza habari ya Babu. Alisoma mpaka upande wa kulia ukaisha, akalala, hakuamka. Na watu wazima, ambao hawadanganyi msibani, walisema ameondoka kwa kuwa amekimaliza. Nikawaza na Bibi mwenyewe, ambaye kila nikimwuliza kwa nini hali vizuri alisema chakula chake kipo kitabuni. Nikatazama zile kurasa tena. Bibi alikuwa amebakiwa na akiba ya wiki chache tu, na mimi, kwa mdomo wangu, kila mchana nilikuwa naimaliza.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Oswadi, mwenye dungu umbali wa sauti, mwanamke mwenye ukali na maneno, aliyeamini kwamba Biblia ni kazi ya padri na katekista, na kwamba mwanamke mwenye magugu shambani hana muda wa mitume. Nilikaa na jambo langu peke yangu. Kwa hesabu zangu za mtoto wa mkulima, dawa ilikuwa wazi kabisa. Njaa haizuiwi kwa kulia, inazuiwa kwa konzi.

Kesho yake nikasoma sura ya Petro, na ilipobaki mistari mitano nikafunga kitabu.

Bibi aligeuza sikio lake zuri. "Imeisha?"

"Imeisha."

"Haya. Mungu asifiwe."

Keshokutwa nikarudisha konzi ya mistari kumi. Wiki iliyofuata nikawa nasoma nusu sura, kisha robo. Siku nyingine nilikirudisha kitambaa nyuma nikasoma tuliyosoma juzi. Nilijua nadanganya, na si kudanganya tu, nadanganya juu ya Biblia, huku nimeketi futi chache juu ya maji yenye viboko. Nilikuwa na hakika nitakwenda motoni. Nilikuwa nimekubali. Nilijiambia nikifika huko nitaeleza.

"Mke mwenza," Bibi alisema mchana mmoja, "mbona mitume wamekuwa na haraka siku hizi?"

"Ndivyo walivyoandika, Bibi."

"Mume wetu alikuwa hasomi hivyo."

"Mume wetu alikuwa anaongeza yake."

Alicheka, akageuzia uso upande wa mpunga. Sikujua kusoma uso wa mtu mzima wakati ule. Leo nikiukumbuka uso ule naumia. Alikuwa anasubiri chakula chake siku nzima, anapika, anafagia dungu, anapiga ndege pamoja nami kwa macho yasiyoona ndege, kisha anakaa kunyoosha miguu, na mimi nampa vijiko viwili na kufunua sufuria nimwonyeshe kwamba ndiyo mwisho. Naye akashukuru. Akaanza kuwa mkimya. Zamani alifanya kazi akiurudiarudia mstari wa siku hiyo kwa sauti ndogo, kama wengine wanavyoimba. Sasa alifanya kazi kimya. Mimi niliona ukimya ule nikasema, unaona, anadhoofika, kitabu kimekaribia mwisho. Basi nikapunguza zaidi.

Tulifika Ufunuo hivyohivyo kwa kunyata. Zikabaki sura mbili, na hapo Bibi akashikwa na homa.

Homa bondeni si habari, kila mtu anayo yake. Lakini hii ilimlaza chini. Siku ya kwanza alitetemeka chini ya blanketi jua kali likiwaka. Siku ya pili uji niliompikia ulikaa mdomoni ukarudi. Mchana, ndege walipokwenda kivulini, alinyoosha mkono akapapasa mkeka.

"Nisomee."

"Bibi, pumzika kwanza."

"Uji hauteremki, mama. Nisomee, nipate nguvu."

Hakuwahi kuniita mama. Aliniita mke mwenza hata alipokuwa ananichapa. Nikajua mambo yameharibika. Nikamwambia naenda kufukuza ndege, ambao hawakuwepo, nikachukua kitabu, nikatazama huku na huku. Dungu halina mahali pa kuficha kitu. Kuna mkeka, kuna sufuria, kuna jiko la mafiga juu ya udongo, kuna debe. Nikafunua debe, nikakizika kitabu ndani ya mchele mpaka kikapotea, nikafunika. Nilijiambia kwamba maadamu sura zile mbili hazijasomwa, Bibi hawezi kufa. Nikaenda kusimama ukingoni mwa dungu na kupiga kelele ovyo kwa sauti yangu yote.

Kelele zile ndizo zilizomleta Mama Oswadi. Alijua, kama kila mtu bondeni, kwamba saa ile hakuna ndege. Alikuja na mtumbwi wake, akapanda ngazi akihema, akamwona Bibi, akaacha utani wote.

"Dada Antonia, tangu lini?"

"Jana."

"Na huyu mtoto anapigia kelele nini, badala ya kuniita? Inuka, tunakwenda zahanati. Lakini kwanza uji, huwezi kukaa kwenye mtumbwi na tumbo tupu. Mchele uko wapi?"

Sikuwahi. Alikuwa ameshafunua debe na kuingiza kikombe. Kikombe kikagonga kitu kigumu. Akapekua, akakichomoa kitabu, mchele ukichuruzika toka katikati ya kurasa.

"Dada Antonia," alisema polepole, "mjukuu wako amepika Biblia?"

Hapo nikapasuka. Nililia kilio ambacho watoto hulia wakiwa wamebeba jambo muda mrefu, kisicho na maneno mwanzoni, kisha chenye maneno yote kwa mara moja. Niliwaambia habari ya Babu, ya kurasa za kushoto na za kulia, ya mistari mitano na mistari kumi. Nilisema zimebaki mbili tu na sitazisoma hata wanichape, hata niende motoni, kwa sababu akimaliza atakufa na mimi nitabaki na nani. Mama Oswadi alikaa chini na kikombe chake mkononi.

Bibi alianza kutikisika. Nikafikiri homa imepanda. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko hafifu kilichokatwa na kikohozi, machozi yanamtoka pembeni mwa macho yake yenye ukungu.

"Siku zote hizi," alisema, "najiuliza nimemkosea nini Mungu mpaka ananipimia Neno kwa kijiko. Kumbe ni mke mwenzangu." Akapumzika. "Njoo hapa. Fungua jalada la mbele, ndani. Kuna nini?"

Nikafungua. Kulikuwa na vistari vya kalamu vimepangwa kama vya mtu anayehesabu magunia. Nilikuwa nimeviona mara nyingi nikadhani Babu alikuwa anajaribu wino.

"Hesabu."

"Saba."

"Kila alipomaliza, alipiga kimoja. Kitabu alikimaliza mara saba. Alikufa mara ngapi?"

Mama Oswadi ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Mara moja."

"Basi. Mara sita alimaliza na kesho yake akaamka akataka chai." Alinishika kiganja, mkono wake unawaka. "Mchele ukirudisha konzi, kesho unaukuta. Hili Neno ukinirudishia konzi, mimi leo nalala njaa, na kesho halijaongezeka kitu, maana halikuwa limepungua. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Sikuelewa yote, lakini zile mara sita nilizielewa. Hesabu nilikuwa naiweza.

Hatukusubiri uji uive. Tulimteremsha Bibi, tukamlaza kwenye mtumbwi juu ya magunia matupu, mimi nikaketi upande wa kichwa chake, Mama Oswadi akasimama nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Tukaondoka kupitia njia ya maji kati ya mashamba, mpunga umesimama pande zote mbili, kijani kinaanza kugeuka. Tulipokuwa tumefika mbali kidogo Bibi alisema bila kufungua macho:

"Sijala."

Nikajua anachosema. Nikafungua palipo na kitambaa, punje za mchele zikaanguka kwenye kanga yangu, nikasoma. Nilisoma sura ya kwanza kati ya zile mbili, nzima, bila kuacha mstari. Nikamtazama kifua, kilikuwa kinapanda na kushuka. Kwa kawaida tungeishia hapo, lakini alisema, "Una deni la siku nyingi, endelea." Nikaifungua sura ya mwisho, ile ya mto wa maji ya uzima na mti unaozaa kila mwezi na majani yake ya kuponya. Tulikuwa juu ya maji, mgonjwa wetu ana homa, na mimi nilidhani mwandishi ametuona. Mama Oswadi aliacha kusukuma upondo. Mtumbwi ukaelea wenyewe mpaka nilipofika neno la mwisho.

Nikafunga kitabu. Nilikaza macho yangu kwa Bibi.

"Mwanzo," alisema.

"Nini, Bibi?"

"Fungua kurasa za mbele kabisa. Umekomaa meno sasa."

Mama Oswadi aliguna, akapiga upondo chini, mtumbwi ukaenda. "Soma kwa sauti," aliniambia. "Huku nyuma sisikii." Nikasoma habari za giza na maji na mwanga mpaka tulipoona bati la zahanati.

Alipona. Alichomwa sindano, akalala huko siku tatu, akarudi akilalamika kwamba wameweka chumvi kidogo kwenye chakula. Mpunga ulipoanza kukomaa tukakata wa kwanza, tukakaanga, tukatwanga, na harufu ya pepeta ikajaa kwenye dungu mpaka Mama Oswadi akaja bila kuitwa. Tangu mchana ule alikuja kila siku ya msimu, na kisingizio chake kilikuwa ni kuazima moto. Bibi alinipa kalamu nipige kistari changu kwenye jalada. Nilikuwa nimeinua mkono aliponizuia.

"Nusu. Tulianzia Mathayo. Usimwibie Mungu kwa mara ya pili."

Kwa hiyo kwenye jalada lile, baada ya vistari saba virefu vya Babu, kuna kimoja kifupi ambacho ni changu.

Miaka ile niliyokaa naye nilisoma kila siku, na sitasema uongo kwamba kila siku nilifurahi. Kuna siku nilisoma huku nasinzia, kuna sura za koo na hesabu za makabila nilizozisoma kwa hasira. Lakini mtu hali wali kwa sababu kila siku ni mtamu. Nilikuwa na shibe fulani siku zile ambayo sikuijua ni shibe mpaka ilipoondoka. Nilipokuja mjini nilianza na sura moja kama kawaida. Kisha mashine ikaja, na foleni ya asubuhi. Nikasoma Jumapili, nikasoma Kwaresima, nikaweka Biblia kwenye simu nikasema sasa itakuwa rahisi, na simu ikawa na mambo yake. Hakuna siku niliyoamua kuacha. Nilikuwa nabakiza konzi tu, nasema ya kesho. Bibi alipouliza kwa simu, "Umekula?" nilijibu nimekula, nikijua wazi haulizi wali. Nilikuwa namdanganya tena, safari hii bila sababu ya kumwokoa.

Ndiyo maana niliogopa kitambaa kile. Nilijua tangu udogoni kwamba kitabu hakiui. Lakini kama ningekifungua na kukuta ameishia Ufunuo, mstari wa mwisho, nilihisi yule mtoto wa dungu angeamka ndani yangu aniambie, si nilikwambia, ungekuwepo ungemzuia.

Juzi Neema hakuondoka. Mkanda wa mashine ulikuwa bado unaunganishwa. Alikula pepeta kwa kiganja, miguu inaning'inia juu ya gunia, akanitazama kwa macho ya ukoo wetu yasiyo na adabu sana.

"Shangazi, mimi ndiye niliyekuwa namsomea. Kuna kitu chako humo."

"Kitu gani?"

"Siku ile ya mwisho mchana hakuniacha nimalize sura. Nilikuwa nasoma vizuri tu, pale Ezra amesimama juu ya jukwaa la miti anawasomea watu, Bibi akasema kumbe Ezra naye alikuwa na dungu. Akacheka. Halafu akasema basi, weka kitambaa. Nikamwambia Bibi bado mistari, wewe ndiye huwa hutaki tubakize. Akasema hiyo si ya kesho. Hiyo ni konzi ya mke mwenzangu. Mpe, atakuja ana njaa."

Nilishusha kile kifurushi kutoka kwenye rafu. Mikono ilikuwa na vumbi la pumba nikaifuta kwenye kanga, mara mbili. Kwenye jalada vistari vilikuwa vimeongezeka, saba virefu, kile kifupi cha kwangu, na vingine saba, vyangu vya baadaye na vya watoto walionifuata kumsomea. Kitambaa chekundu, sasa cha rangi ya matope, kilikuwa karibu na katikati ya kitabu, Nehemia sura ya nane. Kushoto nene, kulia nene. Bibi yangu alikufa ghala likiwa limejaa.

Nikasoma kwa sauti, pale palipoachwa. Watu wamesikia Neno likisomwa, nao wanalia, wote. Na wanaambiwa wasilie. Wanaambiwa waende wakale kilicho kinono na kunywa kilicho kitamu, na yule ambaye hakuandaliwa kitu, wampelekee fungu lake.

Nikaweka kidole kwenye mstari. Neema alisogea juu ya gunia akanipa nafasi, akanimiminia pepeta kiganjani. Wateja walikuwa wamegeukia kwetu. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, karibu na mlango, alivua kofia.

"Soma kwa sauti, mama," alisema. "Huku nyuma hatusikii."